Neno Lililomtoa Babu Yako kwenye Sinia

Zuhura, mke mwenzangu mwenye miguu mizito,

Salamu sikupi. Shikamoo zako za kwenye simu nimezisikia zote, na hakuna hata moja niliyoiitikia kwa moyo, maana mimi huamkiwa na mtu ninayemwona uso. Idi ya mfungo mosi ulikuja ukakaa kama mtu aliyeegesha gari pabaya. Idi ya kuchinja hukuja. Maulidi yamesomwa, ubani umefuka mpaka majirani wakapiga chafya, hukuja. Sasa naambiwa na babako, tena kwa simu, tena kama anayempasha habari mpangaji, kwamba kesho unapanda ndege kwenda Ulaya kusoma. Nairobi hadi Malindi ilikushinda. Ulaya ndiyo imekuwa karibu.

Waliniambia nikutumie sauti. Sitaki. Sauti zangu huzisikilizi. Wanijibu "Bibi, nitasikiliza nikitulia," na hujatulia tangu uzaliwe. Basi nimemkalisha Fatuma, mke wa ami yako Salimu, hapa kwenye mkeka, nimempa kalamu. Mimi nasema, yeye anaandika, akimaliza ataipiga picha akurushie. Unanijua, shule niliipita kwa nje nikienda kisimani. Nimemwambia asiyatengeneze maneno yangu. Ameshaanza kuyatengeneza. Fatuma, andika na hilo.

Sitakuambia ubebe sweta. Sitakuambia uswali, ufunge mlango, usile vya watu usiowajua. Hayo mamako atayasema mpaka masikio yakuwashe. Mimi nina jambo moja tu: babu yako hali na watu. Ameondolewa kwenye sinia. Na aliyemwondoa ni wewe.

Usiruke. Kaa chini, soma.

Unakijua chakula cha Ijumaa cha nyumba hii. Wanaume wakitoka msikitini hukuta sinia limeshatua ukumbini, wali wa nazi umepanda, samaki wa kupaka amelala juu. Ami yako, wanawe, na babu yako ameketi penye nafasi yake, mgongo ukutani. Hakuna aliyegusa samaki kabla yake. Yeye ndiye wa kumega. Anatoa mwiba, anakitazama kipande, anakisukuma upande wa mtoto anayemtaka siku hiyo. Wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa ukijipenyeza hapo katikati ya wanaume, nikikuita jikoni wakataa kuja, naye asema, "Mwacheni mke wangu, nyinyi mwamwonea wivu." Mashavu ya samaki yalikuwa yako. Mimi mwenye ndoa nikila mkia.

Mkono ulipoanza kumtetemeka hakuacha kumega. Wali ulimwagika, mchuzi ulimwagika, watoto wakicheka, "Babu analeta mvua!" naye akicheka nao. Sinia hilo lilikuwa linaloa kila Ijumaa na hakuna aliyekufa.

Sasa nikurudishe nyuma kidogo, maana kuna yangu pia humu, na sipendi mtu aseme nakulaumu wewe nikijificha mimi.

Maradhi ya babu yako hayakuanza mkononi. Yalianza puani. Mpishi wa haluwa aliyekuwa akijua samli ya nani imechakaa kwa kupita tu mlangoni pake, siku moja amekoroga haluwa ya harusi ya watu mpaka ikashika chini, moshi unanitoa mimi machozi chumba cha pili, yeye yuko juu yake na mwiko, anakoroga tu. Nikamwambia, "Athmani, pua yako imekwenda hija bila wewe?" Tukagombana. Nilidhani ni uzembe wa uzee. Kisha tumbo likafunga. Choo kikawa cha kungojewa kama meli ya mahujaji. Kisha akawa akisimama kwenye sala anashika ukuta, dunia inamzunguka. Na mkono bado ulikuwa mzima kabisa, kumbuka hapo.

Nami nikafanya nini? Pua nikaipa mafusho. Tumbo nikalipa majani ya sanamaki ya kuharisha, lisiposikia nikalipa mafuta ya mbarika, nikimsimamia kama askari mpaka anywe. Kizunguzungu nikakisomea. Mtu mmoja nilimgawa vipande kama nyama ya Idi, kila kipande nikakipa dawa yake, na sikuwahi hata mara moja kuviweka pamoja nikajiuliza, je, kama ni jambo moja? Nilijiona namjua mume wangu. Nilikuwa najua vipande. Mkono ulipoanza kutetemeka, daktari akasema maradhi yako kwenye ubongo, mimi nikamwambia, "Ubongo gani? Huyu anaumwa tumbo!"

Ndiyo maana ulipokuja Idi ile ya mfungo mosi, ukaketi nami barazani, nikakuuliza unasoma nini hasa huko, na wewe ukanijibu, nilifurahi, mamangu. Nilifurahi sana. Sijawahi kukuambia.

Ulichukua bakuli la tambi lililofunikwa kawa, ukaniwekea mapajani. Ukasema, "Bibi, mwili ni kama mtaa wetu mwezi wa Ramadhani. Kila nyumba inapika, na kila nyumba inapeleka sahani kwa jirani, imefunikwa." Ukaniambia seli za ubongo nazo hupelekeana. Zinatoa vifuko vidogo, vidogo kuliko vumbi la unga, vyenye utando wake kama kawa, ndani mna vitu vya kupelekewa mwenzake. Hata seli isiyoumwa hufanya hivyo, si dhambi, ndiyo ujirani wao. Lakini seli ikiugua, ukasema, inaweza kutia kwenye kifuko kitu kilichoharibika, protini iliyojikunja vibaya, na kifuko kikatoka hivyo hivyo kimefunikwa vizuri, jirani akakipokea kwa mikono miwili. Na vingine havikai kichwani. Vinaingia kwenye damu, na damu inafika kila mahali, tumboni, moyoni.

Nikakuuliza, "Kwa hiyo lile tumbo la Athmani lilikuwa likila futari mbovu ya ubongo?"

Ukacheka mpaka ukalala chali. Ukasema, "Huenda, Bibi. Huenda pia tumbo ndilo lililotangulia kupeleka sahani juu. Wengine wanaona hivyo. Bado hatujui. Ndicho ninachotaka kwenda kutafuta, hivyo vifuko vikifika huko vinafanya nini."

Hilo "bado hatujui" wakati ule liliniudhi. Nikasema moyoni, miaka yote hii ya karo, hamjui? Leo ningekulipa uliseme tena. Kwa sababu baada yake ndipo ulipoendelea, umechangamka, mikono inaruka, ukasema: "Yaani seli moja mbovu inaziambukiza nyingine."

Inaziambukiza.

Na wakati huohuo Fatuma alikuwa anatoka na chai.

Fatuma ameweka kalamu chini. Anasema, "Mama, na hili niliandike? Nijiandike mwenyewe?" Nimemwambia, "Andika. Ulipoandaa ile sahani hukuona haya, kalamu waionea haya ya nini?" Ameichukua. Amenuna, lakini anaandika, na mwandiko wake ni mzuri hata akinuna, hilo namsifu.

Basi sikiliza lililofuata. Neno peke yake lingepita. Watu wa nyumba hii husikia mengi, yakaingia na kutoka. Lakini siku ya pili ilikuwa Ijumaa. Sinia limeandaliwa, babu yako ameketi, ametenga shavu la samaki pembeni kabisa, analilinda kwa kidole. Akaniita mpaka jikoni, "Mke wangu mdogo yuwapi?" Na wewe uko mlangoni na begi, unasema basi lako linaondoka, unasema, "Nitiliwe kwenye mkebe nitakula njiani." Ukambusu babu yako kipajini, ukatoka. Shavu la samaki likabaki pale. Hakulila. Hakumpa mtu.

Wewe ulikuwa na haraka. Mimi najua ni haraka, maana hata kuzaliwa hukungoja mkunga avue viatu. Lakini Fatuma aliona kitu kingine. Aliona msomi, anayezitazama hizo seli kwa macho yake, amesema zinaambukiza, kisha sinia lilipotua hakunawa. Nikimwambia ni basi, anasema, "Mama, kama si jambo, angetia japo tonge moja."

Jibu la hilo nalitafuta kwako. Wewe unalo?

Ijumaa iliyofuata babu yako alikuta meza ndogo imewekwa kando, sahani yake, kijiko chake, bilauri yake imetiwa alama ya rangi ya kucha. Fatuma akamwambia, "Baba, hapa utapumzika vizuri, huinami." Kwa sauti ya upole kabisa. Babu yako akatazama meza, akatazama sinia, akasema, "Ahsante, mwanangu." Akakaa.

Nikamuuliza Salimu, "Wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii, babako analishwa kando kama mshtakiwa mahakamani, nawe watafuna?" Akanijibu, "Mama, mambo ya vyombo ni ya Fatuma." Mambo ya vyombo! Nilimzaa mimi huyo.

Unafikiri nilinyamaza? Nilichukua ile sahani, nikaimimina yote kwenye sinia, nikamshika babu yako mkono, nikamketisha pake. "Kuleni," nikasema. Akanyoosha mkono kumega. Na mikono ya watoto, Zuhura, ikarudi nyuma. Yote, pamoja, kama mikono iliyoona nge. Yule mdogo alikuwa na tonge tayari mdomoni, akaacha kutafuna. Babu yako akaiona. Akaondoa wake, akaufuta kwenye shuka, akasema ameshiba. Hajala kitu, ameshiba. Tangu siku hiyo sahani siigusi. Nilidhani namrudisha, kumbe nimemwonyesha kwamba hatakiwi.

Na kibaya zaidi hajui kwa nini. Anadhani ni kumwaga. Anadhani wamechoshwa na ile mvua yake.

Juzi baada ya alasiri nimeingia chumbani kumpelekea dawa. Ameketi kitandani, ameweka bakuli mapajani, ndani mna kiporo cha wali, sijui amekichukua jikoni saa ngapi. Anafinyanga tonge. Analiinua polepole, linafika hapa kidevuni, linamwagika. Anaokota punje moja moja kwenye shuka, anazirudisha, anaanza tena. Alijifunga kanzu shingoni kama kitambaa cha kulishia mtoto ili asichafue. Aliponiona akaona haya kama kijana aliyefumaniwa, akasema, "Nikiweza vizuri watanirudisha."

Nimwambie nini? Nimwambie si mkono wako, ni kwamba wajukuu wako wanakuogopa? Nikamwacha aamini ni kumwaga wali. Nikakaa naye, nikamwambia, "Usifinye sana, linapasuka." Nikamfundisha mume wangu kushika tonge, mimi na yeye, wazee wazima, tunatafuta dawa ya kitu kisichokuwa ugonjwa.

Nimepeleka maneno kwa daktari wa kliniki. Nilikwenda mwenyewe na mkongojo. Nikamuuliza mbele ya watu wote waliokuwa foleni, "Haya maradhi ya kutetemeka, mtu akila na mgonjwa sinia moja anayapata?" Akasema, "Hapana, Bibi. Hayaambukizi. Kuleni naye, mkeshe naye, mbusuni." Nikarudi nimefurahi. Nikamwambia Fatuma. Unajua alinijibu nini? "Daktari anatibu malaria na vidonda, Mama. Zuhura ndiye anayeziona hizo seli."

Sasa kalamu imesimama tena. Fatuma analia. Subiri.

Amesema, na anataka niseme kwa maneno yake, haya: "Sikumchukia Baba. Nina watoto watatu. Niliposikia lile neno nilikaa siku nzima nikihesabu wamekula naye mara ngapi. Kama nimekosa nimekosa, lakini mtu aniambie vizuri. Kama uchafu watoka kwenye ubongo ukafika tumboni, nani aniambie hauwezi kutoka mkononi ukafika kwenye wali?" Hayo ndiyo yake. Nimemwacha ayaandike bila kumkatiza, na kunyamaza huko kumenichosha kuliko kutwanga.

Wala si swali la mjinga, Zuhura. Wewe ulituchorea mtaa, ukatuonyesha sahani zinavyotembea, hukutuonyesha ukuta wa mtaa uko wapi. Hukusema, "Mtaa huu ni ndani ya ngozi ya mtu mmoja. Kusafiri ndani ya mwili wake si kuambukiza jirani yake aliyeketi naye." Mimi nilielewa kwa sababu nilikuwa na bakuli mapajani na mwenye kulieleza yuko mbele yangu nikimkatiza. Yeye alipata neno moja, mlangoni, na trei mkononi. Na sisi watu wa hapa neno hilo tunalijua kutoka wapi? Kipindupindu. Kifua kikuu. Korona, tulipokatazwa hata kuosha maiti. Ukilitaja, watu hawaoni seli. Wanaona vyombo vya kutenga.

Sikukatazi kusema mambo yako. Nakuomba ujue tu kwamba huko unakokwenda mtakuwa mkiambiana maneno hayo nyinyi kwa nyinyi, kila mmoja anajua ukuta uko wapi, na mtasahau kwamba nje ya mlango kuna mtu anapita na chai. Na huyo ndiye anayempakulia mgonjwa.

Nami langu ni hili, nililolilipia kwa sanamaki: usije ukaipenda hadubini mpaka babu yako akawa kifuko. Mimi nilimfanya tumbo. Tulikuwa tunamtafuta sote wawili, mimi huku chini wewe huko juu, na katikati yake mtu mzima ameketi mezani peke yake na kijiko.

Na mengine hayo uyatafute, tafadhali. Tafuta hivyo vifuko vinafanya nini vikifika tumboni. Kama wanawake wengine wanahangaika na mbarika nyumba hizi zote, na jibu liko kichwani, mtu awaambie mapema, kabla haluwa haijaungua. Nenda. Sikuzuii. Nimekasirika lakini sijasema usiende, usije ukamwambia babako kwamba Bibi alinitilia kisirani.

Kesho kabla hujapanda hiyo ndege, tuma sauti kwenye simu ya Fatuma. Kwa Kiswahili cha nyumbani. Sema: maradhi ya babu hayaambukizi mtu kwa kula naye, nilitumia neno vibaya, na siku ile nilikuwa nakimbilia basi. Usiongeze "lakini". Yasiyojulikana yaache kwenye vitabu vyako, hili linajulikana. Mimi nitawaita watoto wasikie, na Salimu nitamshika sikio.

Fatuma anasema atasikiliza. Anasema pia, na ananitazama usoni akisema, kwamba kusema ni rahisi. Siku atakayokuona unakula ndipo moyo wake utakapolala. Simlaumu. Mimi pia nataka kuona.

Kwa hiyo siku utakayopewa likizo, usipitie Mombasa kwa babako, njoo moja kwa moja. Fika Ijumaa, kabla watu hawajatoka msikitini. Usikimbilie jikoni kunikumbatia, nitakufukuza na mwiko. Begi acha nje barazani, mbali, usilione. Vua viatu, nawa, ukaketi ukumbini mkono wa kulia wa babu yako. Ami yako akisema hapo ni pa wanaume, mwambie mke hula na mumewe. Mwache babu yako amege samaki, amwage atakavyomwaga, akusukumie shavu. Kula pale pale mkono wake ulipopita, kwa vidole, usitake kijiko, polepole, mpaka maua ya chini ya sinia yaonekane. Fatuma atakuwa amesimama mlangoni. Usimtazame, wewe kula. Ukishalamba vidole vyote ndipo uje jikoni uniamkie. Marahaba yako nimekuwekea.